Waya kwanza, udongo baadaye: yaliyotukuta kwenye warsha ya sanamu ya mwili

Warsha ilikuwa ya siku 10, saa 6 kila siku: mkao mmoja, na kila mwanafunzi sanamu moja ya mtu aliyesimama, kimo sentimita 60. Saa 60 zinasikika nyingi. Ukizichambua utaona ni haba. Siku ya kwanza yote ni ya kiunzi cha waya, na siku tatu za mwisho ni za kalibu, yaani ganda linalochukua umbo la sanamu, na jasi ya kumiminwa humo. Zinabaki siku 6 za udongo, yaani saa 36. Modeli naye husimama dakika 20, hupumzika 5, na kila akirudi zinakwenda dakika nyingine za kuupata tena mkao, kwa hiyo katika kila saa unamtazama dakika 45 hivi. Jumla saa 27. Naandika kwa ajili ya anayejiandaa kwenda, maana karibu darasa zima tuliziharibu saa hizo kwa kosa moja lile lile: tulipamba kabla ya kusimamisha.

Mwalimu, mtu aliyeshika udongo kwa miaka mingi, alifungua kwa hesabu. Mtu wa sentimita 175 akipunguzwa hadi 60 anabaki na theluthi ya kimo chake, lakini ujazo haupungui kwa theluthi. Unapungua kwa theluthi mara theluthi mara theluthi. Mtu wa kilo 70 ni kama lita 70. Sanamu yake ya sentimita 60 haifiki lita 3, na udongo mbichi wa kuijaza ni kilo 5 hivi. Ukipandisha kimo hadi nusu ya mtu, sentimita 87, unahitaji karibu kilo 16. Kimo hakijafika hata mara moja na nusu, uzito umezidi mara tatu. Ndiyo maana anayeanza ashauriwe kubaki kati ya sentimita 45 na 60, na anunue kilo 10 za udongo, nusu iingie kwenye sanamu, nusu ibaki ya kukatwa, kukauka na kurudiwa.

Kilo 5 hizo zinabebwa na kiunzi, na hapo ndipo siku ya kwanza ilipokwendea. Ubao wa plaiwudi wa milimita 18, sentimita 35 kwa 35, upigwe vanishi pande zote usinywe maji, na chini yake vipigiliwe vipande viwili vya mbao ili usipinde na vidole vipate pa kushika unapounyanyua. Juu ya ubao inafungwa flanji, yaani kitako cha chuma cha kushikia bomba, kwa skrubu 4, na kutoka kwenye flanji linapanda bomba la chuma la nusu inchi hadi sentimita 36, kimo cha kiuno cha sanamu. Hapo linawekewa kiwiko cha bomba na kipande kifupi kinacholala kuelekea mbele, ambacho ndicho kitakachoingia kiunoni kwa nyuma. Bomba hili ndilo linaloshika sanamu. Miguu haibebi kitu, hata kama kwa macho inaonekana imebeba.

Waya wa mwili ni alumini ya milimita 6. Usikubali waya wa chuma ndani ya udongo wa maji: unashika kutu, na kutu inapaka udongo. Unakata sentimita 160, unaukunja katikati na kufanya kitanzi kidogo cha kichwa, kisha nyuzi zote mbili zinasokotwa pamoja kushuka uti wa mgongo, zinaachana kwenye nyonga, kila moja inateremka na mguu wake. Mikono ni waya wa milimita 3, uliosokotwa mara mbili ili udongo upate pa kung'ang'ania. Kila panapokutana nyaya, na panapokutana waya na bomba, pafungwe kwa waya mwembamba na kukazwa kwa plaizi mpaka pasicheze kabisa. Kiunzi kinachotikisika leo kidogo tu, kesho kinapasua udongo kiunoni, na ufa huo utauziba kila asubuhi mpaka warsha iishe.

Vipimo vilichorwa kwenye fimbo nyembamba iliyosimamishwa kando ya ubao. Kwa wastani kimo cha mtu mzima ni vichwa 7 na nusu, kwa hiyo kichwa cha sanamu ya sentimita 60 ni sentimita 8. Kutoka ubaoni: chini ya pia ya goti 16, kinena 30 ambayo ndiyo nusu kamili, kitovu 36, chuchu 44, kishimo cha koo 49. Hayo ni ya kuanzia tu. Tulipompima modeli wetu alikuwa vichwa 7 na robo, na kitovu chake kilikaa chini kidogo. Aliyemtazama mtu akafuata mtu alipata sanamu yenye uhai kuliko aliyefuata fimbo.

Tulipoharibu wengi ni hapa: tuliunyoosha waya wa mguu kama nguzo. Mtu akisimama, mguu wake ukiutazama kwa upande haujanyooka hata kidogo. Paja limetunisha mbele, chini ya goti mguu unarudi nyuma, kisigino kinachungulia nyuma ya kifundo. Ni herufi S iliyovutwa. Waya lazima upite katikati ya nyama katika kila kona ya S hiyo, isipokuwa kwenye muundi ambako unarudishwa nyuma kidogo, kwa kuwa mfupa pale uko juu juu na udongo wa mbele ni mwembamba. Waya ulionyooka huonekana sawa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu, unapoanza kukonda kwenye vifundo, alumini inang'aa kupitia udongo, na hakuna cha kufanya ila kubomoa. Kifundo cha sanamu hii kina upana wa sentimita 2 na nusu hivi. Ukiweka humo nyuzi mbili za milimita 6, umebakiwa na kama nusu sentimita tu ya udongo kila upande.

Mwisho kabisa huning'inizwa vile mafundi wanavyoviita vipepeo: vijiti viwili vya mbao vya sentimita 3 vilivyofungwa msalaba na kutundikwa kwa waya mwembamba, viwili au vitatu kifuani, viwili kwenye nyonga. Udongo hujishikiza humo usiteremke. Havina uzuri wowote na ni rahisi kuviruka. Tusiviruke. Edgar Degas, msanii wa Ufaransa, alikuwa akifanya viunzi vya ovyo, hata mipini ya brashi za rangi ilipatikana ndani ya yule mchezaji dansi wake mdogo wa nta aliyeonyeshwa Paris mwaka 1881. Alipokufa mwaka 1917, karakana yake ilikuwa na sanamu za nta na udongo zinazokaribia 150, na nyingi zilikuwa zimeshavunjika.

Siku ya pili udongo. Kabla ya kuugusa, mwalimu alimsimamisha modeli na kutuambia tuache mikono chini. Mguu wa kulia umebeba, wa kushoto umepumzika. Nyonga ya upande unaobeba imesukumwa juu. Bega la upande huo huo limeshuka. Mistari miwili, mmoja wa nyonga na mmoja wa mabega, inaelekea kukutana upande wa mguu unaobeba. Wagiriki walikuwa wameshaliona hili karne ya 5 kabla ya Kristo, na Mbeba Mkuki, sanamu ya mchongaji wao Polykleitos, amesimama hivyo hivyo. Kisha mwalimu alichukua timazi, uzi wenye kizito mwishoni, akaishika mbele ya kishimo cha koo cha modeli. Uzi ulianguka kwenye kifundo cha ndani cha mguu unaobeba. Tukafanya vile vile kwa viunzi vyetu, na zaidi ya nusu vilikuwa vinaanguka: uzi ulitua katikati ya nyayo mbili, kama mtu aliyesimama gwaride huku kiuno kikiwa kimepinda. Kuhamisha waya kabla ya udongo ni kazi ya dakika 5. Usiweke udongo kabla ya kupiga timazi.

Udongo ulio tayari hukunjika kwenye kidole bila kupasuka na hauachi tope mkononi. Unaanza na madonge makubwa: yai la mbavu, sanduku la nyonga, yai la kichwa. Yai la mbavu limeegemea nyuma, sanduku la nyonga limeinamia mbele, na shingo haisimami wima juu ya mabega. Inatoka mgongoni ikielekea mbele, kwa hiyo kidevu kiko mbele zaidi ya kishimo cha koo. Maumbo haya matatu yakikaa sawa, sanamu itamfanana modeli kabla haina hata goti. Yakikosewa, hakuna misuli itakayoiokoa.

Baada ya hapo ni vidonge vidogo vya ukubwa wa punje ya haragwe, kimoja kimoja, unakibandika kwa gumba na kukiacha. Usikilainishe. Maji na kidole laini vinafuta kona zote za umbo, na umbo lisilo na kona halina mwanga wala kivuli cha kukuonyesha ulipokosea. Uso wa mapunje mapunje unasomeka vizuri ukiwa mbali, na ni rahisi kuuongeza au kuukwangua.

Kanuni ya darasa ilikuwa kuzunguka. Kila baada ya dakika 20 jukwaa la modeli linageuzwa kwa moja ya nane ya duara, na meza yako ya kuzunguka unaigeuza vivyo hivyo. Pande 8, na kila upande unafuata kitu kimoja tu: mstari wa pembeni, pale mwili unapoishia na hewa inapoanzia. Auguste Rodin, mchongaji wa Ufaransa, alijenga sanamu zake kwa mistari hiyo, na sanamu ya Enzi ya Shaba aliyoionyesha mwaka 1877 ilikuwa kweli mno kiasi kwamba alituhumiwa kuichukua kwa kalibu juu ya mtu hai. Aliifanyia kazi kama mwaka mmoja na nusu. Tukilinganisha na saa zetu 27, inaeleweka kwa nini hatukuwa na dakika ya kupoteza kwenye upande mmoja tunaoupenda. Aliyeng'ang'ania mbele alipata sanamu bapa: nzuri ukiwa mbele yake, na ukisogea hatua mbili, kifua hakina kina na kichwa ni kama sarafu.

Siku ya nne ilikuwa ngumu kuliko zote, na nataka kuieleza kwa karibu. Mguu wa kushoto, ule uliopumzika, ulikuwa umefikia kupendeza. Pia ya goti ilikuwa na kona zake, kano la chini yake lilionekana, nyuma ya goti palikuwa na vile vishipa viwili vinavyoshika kishimo. Saa 6 za kazi. Mwalimu akaja na kalipa, kifaa cha kupimia chenye ncha mbili, akaweka ncha moja ubaoni na nyingine kwenye goti, akaipeleka kwenye fimbo. Goti lilikuwa chini kwa sentimita 1 na nusu.

"Ni zuri," alisema, "ila haliko mahali pake. Kata."

Goti lililokunjika haliwezi kuhamishwa kwa udongo peke yake, kwani mkunjo uko kwenye waya. Unakata udongo kuzunguka, sentimita 4 juu na 4 chini ya goti, unautoa wote, waya unabaki mtupu. Unaushika kwa plaizi mbili, unaunyoosha mkunjo wa zamani, unaukunja upya kwa kipimo sahihi huku mwenzako ameshika paja lisijipinde. Unakwaruza kingo za udongo uliobaki, unapaka rojo la udongo, unajaza upya kwa donge gumu kidogo kuliko lililokuwepo. Dakika 40. Maumivu yake hayako kwenye dakika 40, yako kwenye zile saa 6, na macho yalinilenga machozi nikiwa nimeshika lile goti kiganjani. Lakini saa 6 hizo zingeokolewa na kipimo cha nusu dakika siku ya pili. Toka siku hiyo kila asubuhi nilianza na kalipa, na nilipima kila kitu kutoka ubaoni. Ukipima kifundo hadi goti, kisha goti hadi nyonga, kisha nyonga hadi bega, kila kosa dogo linapanda mgongoni mwa lililotangulia.

Modeli pia anashuka. Katika dakika 10 za kwanza nyonga inayobeba inazidi kusukumika nje, bega linalegea, kichwa kinainama. Ukifuata kila badiliko utapata sanamu ya watu watatu. Amua mkao siku ya kwanza, uuandike, chora nyayo zake kwa chaki au zizungushie utepe sakafuni, na nyonga ikizidi kusukumika nje jua kuwa ni uchovu, si mkao. Usimguse kumrekebisha, mwambie kwa maneno. Usimpige picha bila idhini yake. Chumba kiwe na joto la kumtosha yeye asiye na nguo.

Alama za mifupa ndizo zilizotupa uhakika katika siku ya tano na ya sita, kwa sababu nyama husogea na mfupa haudanganyi. Ncha mbili za mbele za nyonga. Vishimo viwili vya nyuma vinavyofanya pembetatu na mwanzo wa makalio. Pingili inayojitokeza chini ya shingo. Mitulinga, ambayo ikitazamwa kutoka juu imepinda kama upinde wa mshale na wala si fimbo. Kwenye mguu kuna mpishano mmoja ambao ukiukosa mguu unakuwa wa meza: shavu la mguu la nje liko juu kuliko la ndani, na kwenye kifundo ni kinyume, mfupa wa ndani uko juu kuliko wa nje. Chora mshazari mmoja juu na mwingine chini ukipinga ule wa kwanza, mguu utasimama. Uso uliachwa hadi siku ya saba, nao ni bapa chache tu: macho nusu ya kimo cha kichwa, sikio nyuma ya katikati ukitazama upande, na mashimo ya macho yafanywe kwa kivuli, si kwa kope.

Usiku udongo unahitaji mlinzi. Wenzetu wawili siku ya tatu walinyunyizia maji mpaka yakatiririka, wakafunika nailoni, wakaondoka wameridhika. Asubuhi mapaja yalikuwa yameteleza hadi magotini. Maji yalikuwa yameshuka kwenye vifundo, vikalainika, na kila kilichokuwa juu kikafuata. Nyunyiza ukungu mwepesi, funga vidole, masikio na vifundo vya mikono kwa vitambaa vibichi vilivyokamuliwa kwa kuwa ndivyo vinavyokauka kwanza, kisha vuta nailoni hadi chini na kuifunga ubaoni.

Na usiichome sanamu iliyo na waya ndani. Udongo ukikauka unasinyaa, alumini haisinyai, nyufa zinatokea kabla hata ya tanuri. Ndiyo sababu ya kalibu.

Siku tatu za mwisho zina gharama ambayo wengi hatukuitegemea: kilo 12 za jasi, zaidi ya udongo wote uliokuwa kwenye sanamu, na vumbi ambalo lazima livaliwe barakoa. Tulitumia kalibu ya kuvunja, inayotoa nakala moja tu. Unachomeka vibati vilivyokatwa kwenye makopo ya soda, kimoja kikipandia kingine, kuzunguka mwili na kuugawa sehemu ya mbele na ya nyuma, na mstari huo lazima upite pale bomba linapoingia kiunoni, vinginevyo kalibu haitoki. Jasi inamwagwa kwenye maji, si maji kwenye jasi: kilo 1 na nusu kwa lita moja, ikinyunyizwa kwa mkono mpaka visiwa vikavu vibaki juu ya maji. Unaiacha dakika 2 inywe, unakoroga polepole ukiwa na mkono ndani ili usiingize hewa. Ndoo iwe safi, maana mabaki ya jasi ya jana yanaigandisha ya leo kabla hujafika magotini. Jasi inapoganda inapata joto la kuunguza, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuzamisha mkono humo ili apate kalibu ya mkono wake. Maji ya kunawia yaende kwenye ndoo, si kwenye sinki.

Tabaka la kwanza ni la rangi, jasi iliyotiwa buluu ya kufulia kidogo, unene milimita 5, ikirushwa kwa vidole na kupulizwa iingie kwenye kila kishimo. Juu yake jeupe la sentimita 1 na nusu. Baada ya saa moja unamimina maji kwenye mstari wa vibati, unagonga kabari za mbao, kalibu inaachia. Unatoa udongo na kiunzi, unaosha ndani, unapaka sabuni laini mara 3 ukifuta kila mara isiache povu. Kalibu inaloweshwa mpaka ikatae maji. Iliyo kavu huinyonya jasi mpya na kushikana nayo. Kabla ya kufunga weka vyuma vyembamba vilivyopakwa rangi ndani ya vifundo na mikono, kisha unganisha na kumimina kupitia nyayo.

Siku ya kumi ni patasi butu na nyundo ya mbao. Unaanza kichwani, patasi ikielekezwa moja kwa moja kwenye uso wa kalibu, kamwe isilazwe, mapigo madogo. Jeupe linaanguka kwa vipande vikubwa. Buluu ikitokea unapunguza nguvu, kwani milimita 5 mbele yako kuna pua. Kwenye sanamu yangu gumba la mkono wa kulia lilitoka pamoja na kipande cha buluu. Liliokotwa kwenye vifusi, pande zote mbili zikaloweshwa, likabandikwa kwa jasi nyepesi kama maziwa mazito. Usipolowesha, jasi kavu hunyonya maji ya ile mbichi kabla haijashika na gumba linaanguka tena. Kiunzi kiliondolewa udongo kwa brashi ya waya, alumini ikanyooshwa juu ya ubao kwa nyundo ya mbao, na jioni ile ile ilikuwa imeshakunjwa kwa ajili ya mtu aliyeketi.